Kutu

Ghala la Bi Mgeni halikuwa studio.
Lilikuwa ghala: mabati, buibui, mizani ya karafuu
iliyopoteza jiwe la ratili moja kabla mimi sijazaliwa.
Magunia yaliyokuwa yakingojea bei
tuliyapanga ukutani hadi kwenye boriti,
si kwa ufundi, kwa ufukara,
na sauti ikaingia mle ikatulia
kama mtoto aliyefunikwa kanga.
Walioisikiliza albamu wanasema inapiga chafya.

Mimi si mwanamuziki. Mimi fundi redio,
Wete, nyuma ya duka la mchele.
Walikuja kuazima kompyuta, nikaifuata, nikabaki.
Faki alipiga ngoma alizojiundia:
pipa la mafuta ya taa, ngozi ya mbuzi wa Idi,
sinia mbili za shaba alizozigonga hadi zikajua kulia.
Gitaa la Mbarouk liliandamwa na chumvi,
kila wiki kitambaa, kila wiki mafuta ya nazi,
mpaka akachoka: basi, liacheni liungurume na kutu yake.
Hapo tukapata jina.

Na Riziki.
Mwalimu wa hesabu, darasa la sita,
skuli nzima inajua anavyonong'ona.
Akifungua kinywa, sindano ya mita
inakimbilia ukuta wa mwisho na kukaa huko.
Nikamwambia rudi nyuma hatua mbili. Akarudi.
Rudi tena. Akarudi.
Mwishowe alirekodi akiwa uani,
amesimama juu ya jamvi la makonyo,
waya umepita dirishani.

Umeme wetu unatoka Tanga, unapita chini ya bahari,
unafika umechoka.
Katika wimbo wa tano ulikatika mara kumi na moja.
Mara ya kumi na mbili haukukatika,
na hakuna aliyethubutu kukohoa.
Mwisho kabisa, baada ya gitaa, kuna jogoo.
Tulimwacha.

Nakala mia mbili, kwenye flashi,
ndani ya bahasha za kaki, KUTU kwa kalamu ya wino mzito.
Mtangazaji mmoja wa Unguja aliurusha wimbo wa kwanza
sekunde arubaini, kisha akawaomba radhi wasikilizaji
kwa hitilafu ya mitambo.
Sheha alituita. Hakukasirika.
Aliuliza tu kama kuna mtu ameumia.
Mpiga fidla mmoja, mtu wa taarab tangu ujana,
alisikiliza yote, amefumba macho, akasema:
besi yenu imeshuka robo.
Akavaa viatu. Mlangoni akageuka:
msiipandishe.
Tuliuza thelathini na nne.
Nne zikarudishwa na watu walioapa flashi ni mbovu.

Bi Mgeni hakutaka kodi.
Alitaka wimbo wa tano, ule uliomkatia umeme.
Hatukumwambia unahusu nini.
Maneno yake hayasikiki, hata kwangu niliyeyarekodi.
Akakaa juu ya mizani, miguu haigusi chini,
mkono wa mizani ukapanda, ukabaki juu.
Dakika ya tatu, pale Faki anaponyamaza
na gitaa linapasuka peke yake,
akainua kidole. Nikasimamisha.

"Hilo tawi hilo," akasema.

Khatib wake, msimu ule wa mavuno makubwa,
pakacha kiunoni, tawi la juu kabisa,
kwa sababu la juu ndilo lenye karafuu nyingi.
"Waliokuja kunihani," akasema,
"waliniambia nisilie kwa sauti."

Mlangoni Riziki alikuwa amesimama
palepale uani aliposimama siku ile. Hakuingia.

"Rudisha nyuma."
Nikarudisha.
"Ongeza."
Nikaongeza.
"Wewe fundi gani? Ongeza!"

Nikaongeza hadi vumbi la karafuu
likaanza kudondoka magunini,
likamwangukia Bi Mgeni ushungini, mabegani,
na hakulipangusa.